Dada wa Simu wa Ghorofa ya Pili

Mimi nachonga funguo. Meza yangu iko chini ya ngazi za jengo lenye maduka chini na ofisi juu, mahali ambapo jua halifiki na mvua haifiki, ila vumbi linafika bila kualikwa. Nimekula chumvi nyingi hapo. Mchonga funguo hana haja ya gazeti ili ajue mambo ya ofisi za watu. Meneja akiondolewa, wa kwanza kujua ni mkewe na wa pili ni mimi, maana anayeingia hushuka kwangu kabla hata kiti hakijapoa, kitasa kipya mkononi, anataka funguo zake na zisifanane na za yule aliyetoka. Sijui kwa nini. Anayefukuzwa huwa hataki kurudi.

Lakini sikukaa kuandika habari za vitasa. Nataka kuandika habari za mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye wanaoijua sauti yake ni wengi na wanaoijua sura yake ni wachache sana.

Nianzie kwa dada yangu, la sivyo mambo hayataeleweka. Uzeeni alipofuka macho alilazwa chumba cha nyuma, kile cha dirisha dogo. Binti yake huyu ndiye aliyemuuguza. Dada yangu alikuwa na tabia moja: ukikaa kimya kidogo tu anauliza, "Upo?" Na binti anajibu, "Nipo hapa na wewe." Anapika, anajibu. Yuko uani anaanika shuka, vibanio mdomoni, anajibu hivyo hivyo kwa meno. Siku moja nilimtania dada yangu, nikamwambia, "Wewe unamchosha mtoto, kila saa upo, upo, kwani atapaa?"

Akaniambia, "Wewe una macho, huwezi kujua. Kwangu mtu sasa ni sauti tu. Ikinyamaza, nimebaki peke yangu."

Alifariki binti akiwa bado anamjibu. Aliendelea kumjibu kidogo baada ya hapo, mpaka nilipomshika bega.

Sasa, ghorofa ya pili ya jengo letu kulikuwa na kampuni ya kupangisha tovuti. Msinicheke, mimi darasani sikukaa sana, nilieleweshwa hivi: ukiwa na duka lako mtandaoni, au kanisa, au shule, lile jambo haliko hewani kama watu wanavyodhani. Linakaa ndani ya mashine, na mashine zinakaa chumbani. Chumba chenyewe kilikuwa juu ya kichwa changu, baridi kama jokofu, na mashine zake zilinguruma mchana kutwa hata nikawa sizisikii tena. Mwenye kampuni tulimwita Mzee wa Juu, ingawa mimi ndiye niliyekuwa mzee na yeye alikuwa wa makamo. Asubuhi alikuwa anasimama mezani kwangu, ananiuliza habari za nyumbani, na anasubiri jibu. Siku moja jibu likawa kwamba nina mpwa amemaliza msiba, hana kazi, na ana sauti.

"Sauti ya kuimba?" akauliza.

"Hapana. Ya kukaa na mtu."

Akamchukua, akampa simu.

Mzee wa Juu alikuwa na sheria yake moja ambayo sijaisikia kwingine. Mteja akipiga simu tovuti yake imezimika, mwenye kupokea hakati. Anabaki kwenye simu na mteja wakati vijana wa mitambo wanahangaika, mpaka mteja aone mwenyewe kwa macho yake kwamba imerudi, na mteja ndiye anayekata. Hata ikichukua asubuhi nzima. Alisema mtu aliyezimikiwa ni kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake, ukimwambia subiri na kuondoka, unamfungia mara ya pili. Hilo mimi nililielewa vizuri, ndiyo kazi yangu.

Basi mpwa wangu akawa anakaa na watu. Vijana wakimaliza mapema, vizuri. Wakichelewa, anaongea na mteja habari za watoto, za mvua, za goti linalouma. Mmoja alilala usingizi kwenye simu, akakoroma, naye hakukata. Kijana wa mitambo akapita kumwambia kazi imekwisha, mpwa wangu akaweka kidole mdomoni, akanong'ona, "Amelala, mwache kidogo." Mwanamke mwingine alikwenda kukaanga vitunguu, akaacha simu mezani, wakawa wanapigiana kelele kutoka jikoni. Na kila mara lazima mtu aulize, "Dada, upo?" Naye anajibu vile vile alivyozoea. Hakuyatunga kwa ajili ya kazi. Yalimtoka tu.

Watu wakaipenda kampuni. Hawakuwa na bei nafuu kuliko wengine, na mitambo ilizimika kama ya wengine. Lakini mtu akimshauri mwenzake alimwambia, nenda pale kwa Dada wa Simu, hawakuachi. Kadi za harusi za watu asiowajua sura zilimfuata hadi ofisini.

Mteja mmoja lazima nimtaje, maana tutakutana naye tena. Alikuwa fundi wa miguu ya bandia. Alikuwa na karakana nyuma ya soko, anachonga miguu ya watu waliokatwa, na kwenye tovuti yake aliweka picha za kila mguu, na picha za watu wakitembea. Wengi walitoka mbali kwa sababu ya picha hizo. Tovuti yake ilipozimika mara ya kwanza, hakutaka maongezi. Aliweka simu benchini, akaendelea na msasa. Mpwa wangu alikaa akisikiliza msasa ukienda na kurudi kwenye mbao. Baada ya muda msasa unanyamaza, fundi anauliza, "Upo, dada?" Anajibiwa. Msasa unaendelea. Fundi huyo alikuwa mteja wangu pia, kwa vitasa vya karakana, na ndiye aliyenisimulia. Hakujua yule dada ni mtoto wa kwetu, na mimi sikumwambia. Nilitaka nisikie tu anavyomsifu.

Mke wa Mzee wa Juu akaugua, ugonjwa wa kupelekwa mbali. Mzee akauza kampuni. Alikuja mezani kwangu kuaga, akashindwa, akachongesha ufunguo ambao hakuuhitaji.

Waliofuata walisema hakuna kitakachobadilika. Jina libaki, watu wabaki. Nikachonga funguo mpya. Halafu tukasikia kampuni imeungana na nyingine, kisha hizo mbili zikaunganishwa na kubwa zaidi, ya huko wasikojua hata wafanyakazi ni wapi. Kila muungano nikauza vitasa. Bango la nje likawa linabadilika, jina la zamani likawa dogo chini ya jina jipya, kama mtoto aliyebebwa na mtu mwenye haraka.

Meneja aliyekuja na muungano wa mwisho tulimwita Bwana Miwani, kwa kuwa miwani yake ilikaa kwenye paji la uso siku zote, sikumwona akiishusha machoni. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia. Alisikiliza simu za mpwa wangu kwa wiki kadhaa, akamwita.

"Dada, hii simu moja imechukua muda wa simu nyingi," akamwambia. "Na sehemu kubwa mmenyamaza tu."

"Alikuwa anapiga msasa," mpwa wangu akajibu.

"Nani?"

"Mteja."

Bwana Miwani akakuna kichwa. Tangu siku hiyo simu zote zikawekewa kipimo, na kwenye kioo mbele yake ukiongea sana taa inakuwa nyekundu. Mpwa wangu akajifunza kukata. Alikuwa akishuka kwangu akiwa na macho mekundu kama ile taa, ananywa chai yangu, anapanda tena.

Kisha siku moja alishuka anacheka. "Mjomba, wanaitaka sauti yangu."

Bwana Miwani alikuwa amemwambia ana sauti inayotuliza watu, kwa nini waipate wachache. Wairekodi, kila anayepiga aanze kwa kuisikia. Walining'iniza mablanketi kwenye stoo ya karatasi ili isipige mwangwi, wakamsimamisha katikati na kipaza sauti. Wakampa maneno yaliyoandikwa. Akayasoma, Bwana Miwani hakuridhika. "Yako makavu. Kuna yale unayowaambia wewe mwenyewe. Weka hayo."

Akayaweka. Hapo ndipo mpwa wangu alipokosea, kama ni kosa. Mtu akikuomba kitu chako kizuri, na amekuwa hakijali kwa muda mrefu, unampa upesi kabla hajabadili mawazo.

Wakati huo huo mashine zilikuwa zinahamishwa. Chumba cha juu kilipozimwa nilidhani nimekuwa kiziwi. Mpwa wangu alipewa kazi ya kuwapigia wateja wa zamani na kuwatoa wasiwasi, kwamba vitu vyao vinahamia kwenye mitambo mikubwa zaidi na hakitapotea hata kimoja. Fundi wa miguu alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza, "Hayo unaniambia wewe mwenyewe, au umeambiwa useme?"

Mpwa wangu akamwambia, "Mimi mwenyewe."

Na kweli yeye mwenyewe aliamini. Vijana wa mitambo waliojua zaidi walikuwa wameshamwaga unga, hakukuwa na wa kumuuliza. Haukupita muda, na yeye akamwaga unga. Ghorofa ya pili ikafungwa chumba baada ya chumba, akabaki Bwana Miwani na meza yake.

Sauti ikabaki.

Na mambo yakaanza kuharibika huko zilikohamia. Tovuti zinazimika, zinarudi nusu, nyingine hazirudi. Barua pepe za watu zinapotea njiani. Ya fundi wa miguu ilirudi tupu: jina lake juu, na chini hakuna picha hata ya kidole. Watu wakapiga simu. Simu inapokewa mara moja, vizuri sana, na dada mwenye sauti ya upole anakwambia, "Karibu. Tafadhali usikate simu. Nipo hapa na wewe." Kisha muziki. Kisha yeye tena. Kisha muziki. Hakuna mtu. Watu walishinda hivyo kutwa, wakapigwa danadana na sauti moja mpaka simu zao zikaisha chaji. Wangehama, lakini hata kuhama ulitakiwa upige simu.

Fundi alikuja kubadilisha kitasa, akanisimulia kwa utaratibu, bila kupandisha sauti. Wateja wa mbali hawamuoni tena, wanadhani amekufa au amefunga. "Kampuni sina kinyongo nayo," akasema. "Kampuni ni jina tu. Yule dada ndiye siwezi kumsahau. Nilimuuliza, akanijibu, 'Mimi mwenyewe.'"

Nilipiga tupa kwenye ufunguo wake muda mrefu kuliko ulivyohitaji.

Mtaani yale maneno yakawa mzaha. Mtu akikuahidi na huna imani naye, unamjibu, "Haya, nipo hapa na wewe," na watu wanacheka. Nilimsikia muuza viazi akimwambia mkewe. Niliwasikia watoto wa shule, ambao hawajui hata ilikotoka. Mpwa wangu akienda dukani alianza kunyoosha kidole badala ya kusema. Alisema alipofungua mdomo kununua sabuni, mwanamke aliyekuwa nyuma yake aligeuka kama aliyemwagiwa maji.

Akawa na haja moja tu: sauti yake itolewe kwenye ile simu. Hakutaka kazi irudi, hakutaka kuombwa radhi. "Yale maneno ni ya mama," akaniambia. "Wanayatumia kufungia watu nje."

Tukapanda juu. Bwana Miwani alikuwa peke yake, maboksi kila upande, feni ikipuliza karatasi. Alisimama kutupokea.

"Dada, ningekuwa na uwezo ningeitoa leo," akasema. "Lakini ulirekodi ukiwa kazini, ile ni mali ya kampuni. Mimi hapa hata swichi yake siijui iko wapi."

"Nani anaijua?"

"Makao makuu."

"Basi wapigie. Nimekaa."

Akaketi kweli, na mimi nikaketi juu ya boksi. Bwana Miwani aliona hatuondoki, akabonyeza namba, akaweka sauti ya nje ili tusikie wenyewe anavyotutetea. Ikaita. Ikapokewa.

"Karibu. Tafadhali usikate simu. Nipo hapa na wewe."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Muziki ukaanza. Walikuwa wameieneza kwenye kampuni zote walizozimeza, hadi kwenye simu ya kwao wenyewe. Bwana Miwani akanyoosha mkono kukata, mpwa wangu akamzuia. "Usikate," akamwambia. "Wamesema usikate."

Tukakaa. Sauti yake ikatukaribisha tena, na tena. Alikuwa ameinamisha kichwa akiisikiliza kama anasikiliza mgonjwa chumba cha pili. Jua lilipoondoka dirishani alinyanyuka, akamwambia Bwana Miwani, "Pole na wewe," tukashuka. Baada ya muda Bwana Miwani alishuka na yeye, na boksi lake. Hakuna aliyekuja kuchukua nafasi yake, kwa hiyo sikuuza kitasa.

Mpwa wangu alipata kazi hospitali, ya mapokezi. Dirisha lilikuwa la kioo cheusi cheusi, anayepokea anaona nje, aliye nje anaona kivuli, na wanaongea kwa kipaza sauti kidogo. Nilimwonya kuhusu kipaza sauti. Akasema atasema maneno mafupi: jina, kadi, chumba namba fulani. Na alifanya hivyo. Yale mengine hakuyatamka tena kwa mtu yeyote, hata nyumbani.

Mpaka alipoletwa bibi mmoja anapumua kwa shida. Mwanawe alikuwa amemkumbatia kiunoni, amemsimamisha dirishani. Bibi alikuwa na macho meupe, haoni, anapapasa kioo kwa kiganja, na kati ya pumzi na pumzi anauliza, "Kuna mtu? Kuna mtu hapo?"

Mpwa wangu aliniambia hakumtazama mwanawe. Alikitazama kile kiganja. Daktari alikuwa chumba cha pili anavaa glavu, alishamwita. Akainamia kipaza sauti akasema, "Keti kidogo mama, daktari anakuja sasa hivi. Nipo hapa na wewe."

Mwanawe akakigeukia kioo. Kisha akasema, taratibu, "Ni wewe."

Ndipo mpwa wangu alipomtambua fundi wa miguu, kwa sauti, kama yeye alivyotambuliwa.

"Mama, twende," fundi akamwambia mama yake. "Hapa hakuna mtu."

"Kaka, subiri, daktari yupo," mpwa wangu akasema, lakini kipaza sauti kilikuwa kile kile na sauti ile ile, na kila alivyozidi kumbembeleza ndivyo fundi alivyozidi kumvuta mama yake mlangoni. Kutoka nyuma ya dirisha lile unazunguka korido nzima. Alipofika uani, gari lilikuwa limeshaondoka, na daktari amesimama mlangoni na glavu zake, anauliza mgonjwa yuko wapi.

Walikuwa wanaelekea hospitali nyingine, upande wa pili wa mji. Bibi hakufika.

Nilisikia msiba kwa watu wa sokoni, nikamwambia mpwa wangu, sikuona haki kumficha. Akavaa, akajifunga kitambaa kichwani, akasema tunaenda. Nikamuuliza utasema nini huko. Akatangulia mlangoni.

Hakusema kitu. Alipenya kwa wanawake, akakaa chini, aliyelia akamshika mgongo. Akaona masufuria yamejaa, akakunja mikono akaanza kuosha. Wakimuuliza ametoka upande gani, anaonyesha kwa mkono, wanadhani ni jirani wa marehemu asiyependa maneno. Usiku alilala hapo hapo ukumbini pamoja nao. Kesho yake alichota maji, akafagia, akamshikilia dada wa marehemu, bikizee aliyekuwa hawezi kusimama, wakati wote wa mazishi. Mimi nilikaa kwa wanaume, roho juu, nikiogopa atapiga chafya tu na watu wataijua sauti yake.

Watu walipoanza kutawanyika, fundi alipita akishukuru mmoja mmoja. Alikuwa amekonda, vumbi la mbao bado kwenye nyusi. Alinishika mkono, kisha akamgeukia mpwa wangu, aliyekuwa amenifuata tuondoke.

"Mama, samahani, sikufahamu," akasema. "Lakini nimekuona tangu jana. Hujakaa."

Mpwa wangu akainamisha kichwa.

Fundi akaniangalia mimi, akauliza kwa sauti ya chini, "Haongei?"

"Ni mpwa wangu," nikasema. "Siku hizi haongei sana."

Akachukua mkono wake, ule uliokunjamana kwa maji ya masufuria, akaushika kwa mikono yake miwili. "Haya. Asante kwa kuwepo," akamwambia. Akaanza kulia hapo, kwa mara ya kwanza tangu tufike, mtu mzima, mabega yanatikisika. Watu wakapita pembeni yetu na viti vya kukodi vichwani. Ilichukua muda mrefu. Mpwa wangu alisimama tu, midomo ameibana, na hakuutoa mkono wake mpaka fundi mwenyewe alipouachia.